Usajili wa Muuguzi Ughaibuni Huanzia Masijala ya Chuo cha Hapa

Maombi ya wauguzi wetu wanaotaka kusajiliwa nje ya nchi hukwama zaidi hapahapa Nyanda za Juu Kusini kuliko huko yanakopelekwa. Hukwama kabla mwombaji hajakaa mbele ya kompyuta ya mtihani, na sababu huwa ndogo kiasi cha kuudhi: chuo hakikujibu barua pepe, herufi moja ya jina haifanani kwenye vyeti viwili, au hospitali iliyomtumia muuguzi kwa miaka miwili haina karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliwahi kupangiwa zamu pale. Kwenye makundi ya WhatsApp gumzo ni ugumu wa IELTS (mtihani wa Kiingereza), ugumu wa OSCE (mtihani wa vitendo wa Uingereza), ugumu wa NCLEX (mtihani wa leseni wa Marekani). Mitihani hiyo ni migumu kweli, na nitaichambua. Lakini mtihani una muhtasari wake, una maswali ya mazoezi, na ukifeli unarudia. Chuo kikikaa kimya, mwombaji hana cha kurudia.

Tuanze na ngazi, maana wengi hupoteza fedha hapo. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, linasajili wenye stashahada na shahada, na linaorodhesha wenye cheti. Wodini tofauti hiyo haionekani sana. Usiku, katika zahanati ya Kilolo au Ileje, mwenye cheti anazalisha, anatundika dripu na kuandika ripoti sawasawa na mwenye stashahada. Nje ya nchi tofauti hiyo inaamua kila kitu. Baraza la Uingereza, NMC, linapopokea maombi ya kuingia kwenye daftari la wauguzi linataka mtu aliyefuzu na kusajiliwa kama muuguzi kamili nchini kwake. Bodi za majimbo ya Marekani nazo zinatenganisha muuguzi aliyesajiliwa, RN, na yule wa leseni ya chini yake, LPN. Mwenye cheti anayeambiwa na wakala kwamba "tutapenyeza tu" anaibiwa. Njia yake ni kujiendeleza hadi stashahada kwanza, na vyuo vya kanda hii vinatoa nafasi hiyo.

Baada ya ngazi, leseni. Barua ya uthibitisho inayotoka TNMC kwenda baraza la nje huthibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba umesajiliwa, na kwamba huna shauri la kinidhamu. Inatumwa moja kwa moja kutoka baraza hadi baraza. Ukiibeba mwenyewe kwenye bahasha, haihesabiki. Kijana aliyemaliza chuo akakaa nyumbani Vwawa au Makambako bila ajira huacha leseni yake imalizike muda kwa sababu haoni faida ya kulipia. Siku anapoamua kuomba nje, hali ya leseni yake ndiyo kitu cha kwanza kinachoandikwa kwenye uthibitisho. Ihuishwe kabla ya hatua nyingine yoyote, pamoja na alama za mafunzo endelevu zinazodaiwa.

Majina nayo yana mambo. Muuguzi wa Kitanzania ana vyeti vya NECTA, cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha chuo na leseni ya TNMC. Hizo ni taasisi sita, na kila moja ilichapa jina kwa wakati wake. Kwenye cheti cha kidato cha nne jina la kati limefupishwa kwa herufi moja. Kwenye NIDA limeandikwa kamili. Kwenye pasipoti mwanamke ameongeza ubini wa mumewe. Kwenye leseni bado yuko kwa jina la babake. Majina ya Kinyakyusa, Kihehe na Kibena yanaumia zaidi, kwa sababu karani asiyeyazoea huandika anavyosikia. Kwa mtu wa hapa hizo ni tofauti ndogo. Kwa mhakiki aliyeko nje ni watu wawili tofauti, na hana wajibu wa kubahatisha. Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa hati ya kiapo ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Pasipoti hufuata NIDA, kwa hiyo marekebisho yaanzie NIDA, na yafanyike kabla ya kulipia mtihani wowote. Jina ulilojiandikishia mtihani lisipofanana na la pasipoti, unarudishwa mlangoni na ada yako imekwenda.

Kinachofuata ni matokeo ya masomo, na hapa ndipo lawama yangu kwa vyuo ilipo. Wanaotathmini elimu kwa ajili ya Marekani, hasa taasisi iliyojulikana kwa miongo kama CGFNS na ambayo tangu 2025 inaitwa TruMerit, hawaridhiki na orodha ya moduli na wastani wa alama. Wanataka kuona saa za darasani na saa za mazoezi wodini, katika maeneo matano: magonjwa ya ndani ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, na afya ya akili. Wanataka pia chuo chenyewe kiwatumie nyaraka hizo. Matokeo mengi yanayotolewa na vyuo vyetu vya stashahada yanaonyesha alama na daraja, basi. Saa zipo, zimeandikwa kwenye mtaala ulioidhinishwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na mwanafunzi alizitumikia kwelikweli. Hakuna mtu aliyezihamishia kwenye karatasi ya mwombaji. Afya ya akili huumiza zaidi. Mwanafunzi alikwenda wodi ya wagonjwa wa akili kwa wiki kadhaa, lakini kwenye matokeo somo limechanganywa na afya ya jamii. Mtathmini anaandika "pungufu", na mwombaji anaambiwa akasome upya kitu alichokwisha kusoma.

Waliosoma kabla NACTE haijawa NACTVET, au kabla chuo chao hakijabadilishwa jina, wana kazi ya ziada. Muhuri wa zamani na jina jipya havifanani, na chuo ndicho kinachopaswa kuandika barua fupi ya kueleza kwamba ni taasisi ileile. Barua ya aya mbili. Mtu anaweza kuifuatilia kuanzia masika hadi mavuno.

Anayekwenda nchi za Ghuba anakutana na hali hiyohiyo kwa sura nyingine. Mamlaka za afya za huko zinatumia kampuni ya DataFlow kuhakiki nyaraka kwenye chanzo chake: chuo kinaulizwa kuhusu cheti, TNMC inaulizwa kuhusu leseni, hospitali inaulizwa kuhusu uzoefu. Ombi linakuja kwa barua pepe. Likitua kwenye anwani ya Gmail ya mtu aliyehamishwa kituo, au kwa katibu wa afya anayedhani ni matapeli, hakuna jibu, na ripoti inatoka ikisema uhakiki haukuwezekana. Uzoefu wako wote uliopata katika hospitali hiyo unafutika, hata kama ulifanya kazi pale usiku na mchana. Kabla ya kulipa ada ya uhakiki, mwombaji aende mwenyewe chuoni na hospitalini, aulize jina la ofisa atakayejibu na anwani yake ya kikazi, na amweleze kwamba ombi litakuja na litatoka kwa nani. Safari moja ya kwenda Tukuyu au Ilula huokoa miezi.

Halafu kuna wanaojitolea. Hospitali za kanda hii, za serikali na za mashirika ya dini, zinaendeshwa kwa sehemu na wahitimu wasio na mkataba. Wanapewa nauli, wakati mwingine chakula, na wanashika zamu kamili. Wakiomba barua ya uzoefu, ofisi inasita: hakuwa mwajiriwa, jina lake halimo kwenye mfumo wa mishahara, tukiandika tutajifunga. Mwingine anaandikiwa barua isiyo na tarehe ya kuanza, wodi wala idadi ya saa kwa wiki. Barua ya namna hiyo haina thamani kwa mhakiki. Anayejitolea leo aombe barua ya kupokelewa siku ya kwanza, yenye kumbukumbu namba, na atunze nakala za ratiba za zamu zenye sahihi ya muuguzi mfawidhi.

Kwa nini nimesisitiza nyaraka kwanza? Kwa sababu ya muda. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili. Watu wengi huanza na IELTS kwa kuwa ndiyo inayojulikana, wanafaulu kwa jasho, kisha wanatumia mwaka na zaidi kufuatilia jina, leseni na chuo. Faili linapokamilika, matokeo ya lugha yanakaribia kuisha. Mpangilio wenye akili ni majina, leseni, chuo na hospitali, halafu lugha na mtihani wa kompyuta vifuatane kwa karibu. Cheti cha polisi cha tabia njema kiachwe mwisho, kwa sababu hicho nacho kina ukomo wake, na kwa NMC ni mfupi.

Kuhusu lugha, kuna malalamiko ya haki. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, faili la mgonjwa linaandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo NMC haiihesabu Tanzania miongoni mwa nchi ambazo watu wengi huzungumza Kiingereza, kwa hiyo muuguzi wetu anayeomba akiwa hapa nchini lazima alete IELTS ya kitaaluma au OET, mtihani wa Kiingereza cha watumishi wa afya. Kwa IELTS ni 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwa OET ni daraja B katika hayo matatu, yaani alama 350, na C+ katika kuandika, yaani 300. Jambo ambalo wengi hawalijui: tangu Februari 2023 NMC inakubali kuunganisha matokeo ya mara mbili yaliyofanywa ndani ya miezi 12, ilimradi hakuna mara ambayo ulishuka chini ya 6.5 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, au chini ya 6 katika kuandika. Kuna watu wamekata tamaa na matokeo yao mawili yangetosha yakiunganishwa.

Wanaoanguka wengi huangukia kuandika. Katika IELTS una saa moja kwa kazi mbili. Ya kwanza, ya kueleza grafu au jedwali, inataka maneno 150. Ya pili, ya hoja, inataka maneno 250 na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Mtahiniwa anazama kwenye grafu kwa nusu saa, anabaki na nusu saa ya kuandika hoja, na anamalizia na aya aliyokariri mtandaoni. Msahihishaji anaitambua mara moja. OET ni ghali zaidi, lakini kwa muuguzi aliyeko wodini ninaipendelea. Unapewa maelezo ya mgonjwa na dakika 45, tano kati yake za kusoma tu, uandike barua ya rufaa ya maneno 180 hadi 200. Kosa la kawaida ni kunakili kila kitu kilichomo kwenye maelezo. Anayepima anataka kuona umechagua yale tu anayoyahitaji mpokeaji wa barua: muuguzi wa jamii hahitaji historia nzima ya upasuaji, anahitaji kujua kidonda kinafungwa lini tena na mgonjwa anaishi na nani.

Mtihani wa kompyuta wa NMC unafanyika katika vituo vya kampuni ya Pearson VUE, na kwa watu wa huku safari ya kawaida ni Dar es Salaam. Basi la kutoka Mbeya hula siku nzima, na lori likikwama Kitonga hakuna anayejua mtafika saa ngapi. Fika siku mbili kabla. Mtihani una sehemu mbili: hesabu, maswali 15 kwa dakika 30, na uuguzi, maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Ukianguka sehemu moja unarudia hiyo tu.

Hesabu zenyewe si za kutisha, ila hazisamehi. Mtoto wa kilo 18 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo: hiyo ni miligramu 270, na kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 unampa mililita 11.25. Lita moja ya maji ya mshipa kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Wanaokosea hawashindwi kugawanya. Wanachanganya miligramu na maikrogramu, wanasahau kwamba 0.125 ya miligramu ni maikrogramu 125, au wanaandika jibu kwa kizio ambacho swali halikuuliza. Wodini kwetu dozi nyingi zimezoeleka kwa kichwa, na mkono unajua "nusu ya chupa". Mtihani hauna nusu ya chupa.

Sehemu ya uuguzi huwaangusha wenye uzoefu mkubwa, na sababu ni ya kimila zaidi kuliko ya kitabibu. Kwetu mgonjwa akilazwa, ndugu ndio wanaoelezwa, ndio wanaoamua, na wakati mwingine ndio wanaojua ugonjwa kabla ya mgonjwa mwenyewe. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa damu, hata binti yake akilia pembeni, jibu sahihi ni kuheshimu kukataa kwake, kuhakikisha ameelewa matokeo, kuandika, na kumjulisha daktari. Swali likikuuliza nani wa kupewa taarifa, mwana mkubwa wa familia hana nafasi ya kwanza. Hili linasomwa kama somo jipya kabisa, kutoka kwenye kanuni za maadili za NMC zenyewe.

OSCE hufanyika Uingereza tu, katika vituo kama Northampton, Oxford na Leeds. Ina vituo vidogo 10: vinne vinamfuata mgonjwa mmoja kuanzia kumtathmini, kupanga, kutekeleza hadi kukabidhi, vinne ni vya stadi za mikono, viwili ni vya kuandika kimyakimya, kimoja kuhusu maadili na kimoja kuhusu kutumia matokeo ya utafiti. Chombo kinachotawala kituo cha tathmini ni jedwali la NEWS2, la kumtambua mapema mgonjwa anayezorota, na inafaa ulizoee ukiwa bado huku. Chukua mgonjwa huyu: anapumua mara 22 kwa dakika, alama 2, oksijeni asilimia 95 bila msaada wa mashine, alama 1, presha ya juu 108, alama 1, mapigo 104, alama 1, yuko macho, sifuri, joto 38.4, alama 1. Jumla 6. Kuanzia 5 anahitaji kuonwa haraka na vipimo virudiwe angalau kila saa, na kuanzia 7 ni dharura. Ukijumlisha vibaya ukapata 4, umemwacha mgonjwa anayezorota, na kituo kimekwenda. Anayefanya kazi Makete au kwenye miinuko ya Rungwe ana jambo la ziada la kujihadhari nalo: kwenye mwinuko oksijeni ya mtu mzima mwenye afya huwa chini kidogo kuliko pwani, na jicho lililozoea kuona 94 bila wasiwasi litaipita 94 ya mtihani, ambayo ni alama.

Kupumua kuhesabiwe dakika nzima. Mtahini anatazama saa yake. Sisi tumezoea kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na kusema kweli muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 hana jinsi. Hiyo ndiyo shida ya OSCE kwa wauguzi wetu: inapima kazi inavyofanywa pale ambapo kuna muda, glavu, maji yanayotiririka na karatasi ya kila kitu. Stadi wanazo. Wanachokosa ni kutamka wanachofanya, kunawa mikono kila wanapopaswa, kusoma jina kwenye mkanda wa mkononi na kuuliza mzio kabla ya kila dawa, na kuandika tarehe, saa na sahihi chini ya kila maandishi. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi; halifutwi kwa wino mweupe. Hayo yote yanaweza kuzoezwa Mbeya kwa mwezi mmoja na wenzako watatu, kitanda, saa ya ukutani na nakala ya alama za mtahini.

Aliyekwenda na mdhamini anapaswa kufanya OSCE ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi, na awe amefaulu ndani ya miezi 8. Kabla ya kupata namba ya usajili analipwa daraja la chini kuliko muuguzi. Gharama za NMC kwa viwango vilivyodumu miaka kadhaa hadi 2025 zilikuwa pauni 140 za kutathmini sifa, 83 za mtihani wa kompyuta, 794 za OSCE na 153 za kusajiliwa, jumla pauni 1,170 kabla ya lugha, nauli na viza. Kurudia OSCE ulikoanguka vituo visivyozidi saba ni nusu ya ada, kwa viwango hivyo pauni 397. Waajiri wengi hulipia OSCE ya kwanza. Soma mkataba uone unadaiwa nini ukiondoka mapema, na kama deni hilo linapungua kadiri muda unavyokwenda.

NCLEX ya Marekani ni mnyama mwingine. Kompyuta inabadilisha ugumu wa swali kufuatana na jibu lako, inakupa maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150 ndani ya saa 5, na inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya mstari. Kusimamishwa kwenye swali la 85 hakumaanishi umefeli wala umefaulu. Ada ni dola 200, na ukifanyia nje ya Marekani unaongeza dola 150 za nafasi ya kimataifa. Ukianguka unasubiri siku 45. Muuguzi wetu hukwazwa na majina ya dawa kabla ya kukwazwa na ugonjwa: paracetamol wanaiita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine. Sukari wanaipima kwa miligramu kwa desilita, kwa hiyo zidisha namba yetu kwa 18: 7 yetu ni 126 yao. Maswali ya kugawa kazi ndiyo mabaya zaidi. Nani umpe kazi ya kupima presha, nani huwezi kumpa kazi ya kutathmini mgonjwa mpya? Aliyezoea zahanati ambako yeye ni daktari, mfamasia na mhudumu kwa pamoja huona kila jibu ni sahihi.

Na kufaulu NCLEX si viza. Sheria ya mwaka 1996 inataka cheti cha VisaScreen, kinachorudi kuangalia elimu, leseni na lugha, kisha kuna foleni ya viza ya ajira isiyoendeshwa na bodi ya uuguzi. Wakala anayeahidi miezi sita kutoka Iringa hadi Texas hajui kazi yake, au anaijua sana.

Ujerumani ninaipitia haraka. Huko mlango ni lugha: Kijerumani cha B2. Mamlaka ya jimbo hutoa barua inayoorodhesha mapungufu ya elimu yako, na unayaziba kwa mafunzo ya kuzoea kazi au kwa mtihani wa maarifa wa mdomo na vitendo. Kwa aliye tayari kukaa na lugha mwaka mzima na zaidi, ni njia ya haki.

Sasa mawakala. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinazifanya nchi hizo kuwa nyekundu: mwajiri au wakala haruhusiwi kuja kuwatafuta wauguzi hapa. Muuguzi mwenyewe anaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayefanya semina hotelini Mbeya akijinadi kwamba anakusanya wauguzi kwa niaba ya hospitali za serikali ya Uingereza amekwisha kuvunja kanuni kabla hajafungua mdomo kuhusu ada. Sheria ya Uingereza pia inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi fedha za kumtafutia kazi. Wanaouza "kazi ya kutunza wazee" wakumbushwe kwamba tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga viza hiyo kwa waombaji wapya wa kutoka nje. Wakala wa hapa anatakiwa awe na leseni ya mamlaka ya kazi. Mwombe akuonyeshe, kisha kaulize ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Yupo pia kishoka anayejitolea kukufanyia mtihani. Mwaka 2023 NMC iligundua matokeo yasiyo ya kawaida kutoka kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, na mamia ya wauguzi, wakiwamo waliokwisha kusajiliwa, wakawekwa chini ya uchunguzi. Waliofanya kwa haki pale pale walibeba mzigo pamoja na walioiba.

Najua pingamizi linalokuja. Nchi yenye upungufu wa wauguzi, kwa nini vyuo vyake visaidie kuwaondoa? Ninaliheshimu swali hilo, maana wodi za kanda hii zinaonyesha upungufu kwa macho. Lakini upungufu huo uko pamoja na wahitimu wanaojitolea bila mshahara, na kumnyima mtu uthibitisho wa cheti alichokisomea kihalali hakumpi ajira Njombe. Kunamsukuma kwa kishoka, au kunampeleka Ghuba kama mfanyakazi wa ndani, na hapo nchi imempoteza muuguzi na yeye ameipoteza taaluma. Mwenye usajili kamili anaweza kurudi, akafundisha OSCE na NEWS2 katika chuo kilekile. Swali la ajira na mishahara liko mezani kwa serikali na linapaswa kujibiwa huko. Masijala si mahali pa kulijibia kwa ukimya.

Ninachodai kwa vyuo na hospitali ni kidogo na kinahesabika. Kila chuo kiwe na anwani ya barua pepe yenye jina la chuo, isiyohama na mtu, na ofisa anayejulikana wa uhakiki pamoja na msaidizi wake wa siku ambazo hayupo. Kila mhitimu akabidhiwe, pamoja na cheti, jedwali la saa za nadharia na za wodini kwa kila eneo, lililogongwa muhuri. Kazi hiyo inafanywa mara moja kwa mtaala mzima na kurudufiwa. Ombi la uhakiki lijibiwe ndani ya siku 10 za kazi na liandikwe kwenye daftari, tarehe ya kuingia na ya kutoka, ili mwombaji akija kuuliza aonyeshwe. Chuo kikitoza ada kwa huduma hiyo, ada ibandikwe mlangoni na risiti itolewe. Na hospitali zinazopokea wanaojitolea ziwape barua ya kuanza na barua ya kumaliza, zenye wodi, tarehe na saa kwa wiki, zikitamka wazi kwamba hakuwa mwajiriwa. Mhakiki hana shida na neno hilo. Anachotaka ni mtu wa kujibu atakapouliza.